Wimbo wa Mbelgiji Uliotufikia kwa Midomo ya Waayalandi

Siku ya pili ya matanga ya Papa, yaya wangu na binamu zetu watatu walisimama kando ya hema wakaimba. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, kwa hiyo hapakuwa na kinanda wala mikro. Walikuwa na sauti zao tu, na gitaa moja lililokatika uzi. Waliimba "Seasons in the Sun", wimbo ambao yaya aliushika tangu ujana wake kwenye kaseti ya Westlife, wale vijana wa Ayalandi. Waliimba vizuri, na watu wengi walilia.

Mama mkubwa alikuwa ameketi mkekani kando yangu. Alinivuta mkono akaniuliza polepole: "Weye si unasomaka luga? Banaimba nini pale?"

Nilifungua mdomo nikakosa la kusema. Huu ni mwaka wangu wa nne katika kitivo hiki. Ninaweza kueleza ngeli za nomino za Kiswahili kwa Kifaransa mbele ya watahini. Ninaweza kuandika kurasa kumi juu ya Yeats kwa Kiingereza. Lakini kumwambia mama aliyenilea, kwa lugha aliyonilea nayo, wimbo unaoimbwa karibu na jeneza la shemeji yake unasema nini, nilishindwa. Nilimjibu: "Banaaga tu, Mama." Halikuwa jibu la uongo. Lilikuwa jibu la mtu mvivu.

Makala haya ni jaribio la kumjibu upya. Yanawahusu Westlife, na najua baadhi ya walimu wangu wameanza kutabasamu wakiona jina hilo katika jarida la kitivo. Naomba wanivumilie mpaka mwisho, kwa maana jambo ninalotaka kusema linahusu tafsiri, na linatuhusu sisi.

Ugomvi wa nyumbani

Nilikuwa mdogo yaya alipoileta ile kaseti nyumbani. Papa alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari. Jioni moja alisikia wimbo ule kupitia dirishani, akaingia sebuleni akiimba tuni ile ile kwa Kifaransa.

"Huu ni wimbo wa Brel," alisema.

Yaya akakataa katakata. Wimbo ni wa Westlife, jina lao limeandikwa hapa juu ya kaseti. Papa akatikisa kichwa: "Na maneno wameyaharibu. Ule mutu anakufa, lakini anacheka!"

Waliendelea kubishana mpaka chakula kikapoa. Sisi wadogo tuliona kwamba Papa anatania, maana sauti za kwenye kaseti hazikuwa na kicheko hata kidogo. Miaka mingi baadaye, katika maktaba ya kitivo, nilielewa kwamba wote wawili walisema kweli, na kwamba ugomvi wao ulikuwa somo zima la nadharia ya tafsiri lililofundishwa bure mezani petu.

Hawa Westlife ni nani

Kwa wale ambao hawakukulia katika nyumba yenye yaya kama wangu: Westlife ni kundi la waimbaji lililoundwa Ayalandi mwaka 1998. Watatu kati yao, Shane Filan, Kian Egan na Mark Feehily, walitoka Sligo, upande wa magharibi wa nchi, sehemu ambayo sisi wa Kiingereza tunaijua kwa ajili ya Yeats. Nicky Byrne na Brian McFadden waliongezwa kutoka Dublin. Meneja wao, Louis Walsh, alikuwa tayari amelisimamia kundi jingine la vijana wa Ayalandi, Boyzone. Aliyewapa mkataba wa kurekodi ni Simon Cowell, ambaye wakati huo alikuwa mtu wa kampuni ya muziki, bado hajawa uso wa televisheni. Jina lao la kwanza mbele ya watu lilikuwa Westside, likabadilishwa kwa kuwa wengine walikuwa wakilitumia.

Singo yao ya kwanza, "Swear It Again", ilitoka mwaka 1999 ikafika namba moja katika chati ya Uingereza. Zilizofuata nazo zikafika, hadi zikatimia saba mfululizo. Kwa jumla wana nyimbo 14 zilizoshika namba moja katika chati hiyo. McFadden aliondoka mwaka 2004. Wanne waliobaki waliendelea hadi Juni 2012, walipowaaga mashabiki wao katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin. Mwaka 2018 walitangaza kwamba wanarudi, na mwaka uliofuata wakatoa "Hello My Love", ulioandikwa na Ed Sheeran pamoja na Steve Mac.

Wanaowacheka wana sababu zao. Jukwaani vijana hawa huketi juu ya viti virefu, na wimbo unapokaribia mwisho muziki hupanda ngazi moja, nao wote husimama kwa pamoja. Ukishaona mara tatu, mara ya nne unajua dakika watakayosimama. Mmoja wa walimu wetu alituambia darasani kwamba huo ni muziki wa sukari, na kwamba mwanafunzi wa lugha aliye makini hapotezi wakati wake nao. Sikumjibu siku ile. Leo namjibu kwa heshima: sukari ni kweli, lakini angalia ilikotoka miwa.

Kalamu zisizoonekana

Anza na nyimbo walizoandikiwa. "If I Let You Go", "Fool Again" na "My Love" ni kazi ya Waswidi: Jörgen Elofsson, Per Magnusson na David Kreuger, na katika "My Love" akaongezeka Pelle Nylén. Watu hawa walitoka katika mazingira ya Cheiron, studio ya Stockholm iliyowaandikia pia Backstreet Boys na Britney Spears. Maana yake ni kwamba nyimbo ambazo dunia nzima inazichukua kuwa Kiingereza cha vijana wa Ayalandi ziliandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Walijifunza shuleni, kama sisi.

Ukizisoma kwa jicho la mwanaisimu, utaona alama za jambo hilo. Sentensi ni fupi. Msamiati ni wa kozi ya mwaka wa kwanza: nyumba, njia, bahari, ndoto, moyo. Nahau za mtaani hazimo, wala mzaha unaohitaji uwe umezaliwa Dublin au London ndipo uuelewe. Mara nyingine maana yenyewe inalegea ili sauti ikae vizuri. Mfano unaojulikana zaidi ni "I Want It That Way" wa Backstreet Boys, ambao Max Martin wa Cheiron na Andreas Carlsson waliuandika, ukatoka mwaka 1999. Hata wenye Kiingereza chao hubishana mpaka leo kiwakilishi kilichomo katika jina la wimbo kinarejelea kitu gani. Mwalimu wa isimu angeupigia mstari mwekundu. Soko liliupigia makofi.

Naamini hii ndiyo sababu mojawapo nyimbo hizi zilitufikia sisi huku, tuliojifunza Kiingereza kwa chaki na ubao. Ziliandikwa na wanafunzi wa Kiingereza, zikaeleweka na wanafunzi wa Kiingereza. Waayalandi walikaa katikati, wakatoa sauti.

Halafu kuna nyimbo walizozirudia. "I Have a Dream" ulikuwa wa ABBA, Waswidi tena. "Uptown Girl" ulikuwa wa Billy Joel, "Against All Odds" wa Phil Collins. "Mandy" ni hadithi ya peke yake: Scott English aliuimba kwanza mwaka 1971 ukiitwa "Brandy", Barry Manilow akambadilisha jina huyo mwanamke mwaka 1974, na Westlife wakamrithi mwaka 2003 akiwa na jina lake la pili. "You Raise Me Up", ambao kwaya yetu ya parokia huuimba karibu kila harusi, una muziki wa Mnorwei, Rolf Løvland, na maneno ya Mwayalandi, Brendan Graham. Ulikuwa umekwisha kuimbwa na kundi la Secret Garden na wengine kabla ya Westlife kuufikisha namba moja mwaka 2005.

Kwa hiyo kazi ya Westlife, ukiitazama vizuri, ni historia ya maneno yanayopita kutoka mkono hadi mkono. Kitivo cha lugha kisipojali historia ya namna hiyo, nani ataijali?

Kutoka Brel hadi Sligo

Sasa nirudi kwenye wimbo wa matanga. Mwaka 1961, mwaka mmoja baada ya uhuru wetu, Jacques Brel, Mbelgiji aliyezaliwa katika mkoa wa Brussels, alitoa wimbo unaoitwa "Le Moribond", yaani mtu aliye katika kufa. Mtu huyo yuko kitandani anaaga. Anamwaga rafiki yake Émile, waliyekunywa na kuimba naye. Anamwaga padri, ambaye hawakufuata njia moja ingawa huenda walitafuta bandari moja. Anamwaga Antoine, na huyu anamwambia wazi kwamba hawakupendana, kwa sababu Antoine alikuwa hawara ya mkewe. Mwisho anamwaga mke mwenyewe, na kumkumbusha kwamba aliyafumba macho mara nyingi, kwa hiyo kuyafumba leo si kazi ngumu. Na kila baada ya ubeti anaagiza: siku ya kumtia shimoni, watu wacheke, wacheze, wafurahi kama wendawazimu.

Papa alisema kweli. Mtu yule anakufa akicheka, na kicheko chake kina meno.

Rod McKuen, mshairi wa Marekani, aliuchukua wimbo huo akautia katika Kiingereza. Émile alibaki. Padri akatoweka, na mahali pake akasimama baba mzazi. Antoine hakupewa ubeti wake tena, lakini mke na udanganyifu wake walibakia. Kisha akaja Terry Jacks wa Kanada, ambaye toleo lake lilifika namba moja Marekani na Uingereza mwaka 1974. Yeye alimwondoa mke pamoja na dhambi zake zote, akamweka Michelle, mtoto mdogo wa kuagwa kwa upole. Huo ndio wimbo walioupokea Westlife. Waliutoa Desemba 1999 pamoja na "I Have a Dream", ukashika namba moja Uingereza wakati wa Krismasi na kuvuka nao hadi mwaka 2000.

Fikiria safari hiyo. Wimbo wa mume aliyedanganywa, anayemtania hawara ya mkewe mbele ya kaburi, umekuwa wimbo wa familia wa Krismasi. Rafiki, baba, mtoto, jua, bahari. Hakuna wa kuona haya. Hakuna wa kucheka.

Je, ni usaliti? Wapo watakaosema ndiyo. Mimi nasema kila mkono ulifanya kazi uliyoombwa kufanya. McKuen alikuwa na wasikilizaji wake na Jacks alikuwa na wake. Westlife walipewa wimbo uliokwisha kulainishwa, wakauimba kwa usafi ambao sauti zao zinauweza. Yaya alijifunza kwao maneno ya kumwagia baba yake, na siku ilipofika aliyatumia. Siwezi kumwambia mtu aliyelia siku ile kwamba alilia kwa sababu ya sukari.

Lakini mtafsiri ana deni la kujua alichotupa njiani. Kilichotupwa hapa ni kicheko, na kicheko hicho ndicho Papa alichokidai mezani.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la biashara. Watu wa kampuni huchagua wimbo, mtunzi na nguo, na vijana huitwa kuja kuimba. Ni kweli, wala biashara hiyo haina haya. Mfululizo wa namba moja saba ulikatika Desemba 2000, wakati "What Makes a Man" uliposhindwa na wimbo wa Bob the Builder, fundi wa katuni za watoto. Soko lililowainua Westlife halikuona tofauti kubwa kati yao na sanamu yenye nyundo. Hata hivyo, asili ya biashara haiondoi haja ya kuchunguza. Magazeti nayo ni biashara, na sisi huandika TFC juu ya lugha ya magazeti bila mtu kutucheka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami sina jibu lake kamili. Ayalandi ina lugha yake. Katiba yake ya mwaka 1937 inakitaja Kiayalandi kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza. Kiingereza ni cha pili. Watoto hufundishwa lugha hiyo shuleni, na tangu mwaka 2007 ni mojawapo ya lugha rasmi za Umoja wa Ulaya. Lakini katika sensa ya mwaka 2022, watu takriban milioni 1.87 walisema wanaweza kukizungumza, na takriban 72,000 tu walisema wanakizungumza kila siku nje ya shule. Vijana wa Sligo walipotaka kusikika duniani, waliimba kwa Kiingereza kilichotungwa Stockholm. Katika nyimbo zilizowapa umaarufu hutasikia jina la kijiji chao, wala mto wao, wala neno moja la bibi zao.

Hawakuwa wa kwanza. Yeats mwenyewe hakukimudu Kiayalandi. Utukufu wake wote ni wa Kiingereza. Beckett, Mwayalandi mwingine, aliandika *En attendant Godot* kwa Kifaransa, kisha akakitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Na wapo waliofanya kinyume: mwaka 1982 kundi la Clannad kutoka Donegal liliingia katika kumi bora za Uingereza na "Theme from Harry's Game", wimbo wenye maneno ya Kiayalandi. Kwa hiyo mlango haukuwa umefungwa kabisa. Ulikuwa mzito tu.

Desemba 2021, Westlife walifanya tamasha la mtandaoni kwa ajili ya Wachina kupitia WeChat, likatazamwa na watu zaidi ya milioni 20. Katika tamasha hilo waliimba wimbo wa mwanamuziki Pu Shu kwa Kichina. Wanaume waliovuka umri wa miaka 40 walikaa wakajifunza toni za Kichina kwa sababu kulikuwa na watu wanaowasubiri kwa lugha hiyo. Nilipolijua hilo nilifurahi, kisha nikaona wivu. Lugha huimbwa pale ambapo kuna mtu anayeidai.

Sisi je, tunadai nini?

Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Ni heshima nzuri, kama ile ya Kiayalandi. Lakini hesabu kazi zote za tafsiri ulizofanya tangu mwaka wa kwanza. Mimi nimezihesabu zangu: kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa, kwenda na kurudi kama gari la abiria kati ya vituo viwili. Kiswahili kilikuwa kitu cha kuchambua. Tulikipasua kama chura wa maabara. Hakuna siku tulipoambiwa: leteni maneno haya katika Kiswahili, ili mama zenu wayaelewe.

Usiku ule ule wa matanga, baada ya yaya kumaliza, wamama walianza nyimbo za kanisa. Mama mkubwa alizijua zote bila kitabu. Nyingi kati ya hizo zilizaliwa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani. Mtu fulani, zamani, alikaa na kamusi na katekista akazitia katika Kiswahili. Mara nyingine alikosea, mkazo wa neno ukaangukia mahali ambapo tuni haiutaki, na sisi tumezoea kulivuta neno hivyo hivyo. Lakini alifanya. Hakuna anayesema kwamba wimbo wa Mungu ni wa bandia kwa sababu ulitafsiriwa. Kwa nini wimbo wa Brel, au wa wale Waswidi, ukae nje ya mlango?

Basi baada ya arobaini nilijaribu. Niliweka mezani maneno ya Brel upande mmoja na maneno ya Westlife upande wa pili, nikaanza.

Tatizo la kwanza lilikuwa mkazo. Kiingereza hupenda kumaliza mstari kwa neno la silabi moja lenye nguvu. Kifaransa nacho huweka uzito mwishoni. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kila mstari unaning'iniza silabi moja nyepesi ambayo tuni haina nafasi yake. Nililazimika kuigawa noti ya mwisho kuwa mbili. Nilipoiimba hivyo niliona kwamba wimbo unatulia zaidi, kama mtu anayeketi badala ya kusimama ghafula.

Tatizo la pili lilikuwa kupenda. Kifaransa kina njia ya kusema kwamba unampenda mtu kama rafiki tu, kwa kuongeza neno moja dogo, na Brel anakigeuza kinyume kirafiki hicho anapofika kwa Antoine. Kiingereza hakina ujanja huo, nacho "kupenda" chetu ni kipana mno. Nilizunguka siku mbili, kisha nikakumbuka "kupatana". Na Émile tulipatana. Na padri tulipatana. Na Antoine hatukupatana. Kila mtu hapa mjini anajua uzito wa neno hilo.

Tatizo la tatu lilijitatua lenyewe. Padri wa Brel aligeuka kuwa baba mzazi alipovuka bahari. Lakini sisi padri tunamwita Baba. Neno moja linawabeba wote wawili, na msikilizaji anaweza kumwagia anayemtaka.

Kisha nikafika kwenye kicheko, nilikokuwa nakuogopa. Nilidhani kwamba kwetu haiwezekani kuweka mzaha juu ya kaburi. Halafu nikawakumbuka watani. Siku ya tatu ya matanga ya Papa walikuja watani wa ukoo wake. Mmoja alivaa koti la Papa na miwani yake, akatembea uani kwa mwendo wake, akiwasahihisha watu Kifaransa chao. Mwingine alimdai marehemu deni la pombe. Wamama walicheka mpaka wakashika mbavu, machozi yangali mashavuni. Hakuna aliyeona aibu, kwa sababu utani una haki yake msibani. Ndio unaoruhusu watu kunyanyuka tena kutoka mkekani.

Hapo ndipo nilipopata hoja ninayowaletea. Kicheko ambacho Kiingereza kilikitupa njiani, Kiswahili kina mahali pa kukiweka. Kiti kimeandaliwa siku nyingi. Anayekufa katika wimbo wa Brel anazungumza kama mtani: anamsema Antoine mbele ya watu, anamsema mkewe, na hakuna anayeweza kumkasirikia. Wimbo uliosafiri kutoka Brussels kupitia Marekani, Kanada na Ayalandi ukapoteza meno yake, ungeweza kuyapata tena kwetu, kama mmoja wetu angejitaabisha kuuleta.

Ombi langu

Siombi Westlife wawekwe kwenye programu ya masomo mahali pa Yeats. Naomba mambo mawili tu. La kwanza, kazi za tafsiri ziwe na upande wa tatu: angalau TP moja kila mwaka iwe kwenda Kiswahili, na isahihishwe kwa ukali ule ule wa Kifaransa. La pili, anayetaka kuandika TFC yake juu ya wimbo wa kawaida, ule unaoimbwa kwenye sekretaria za mtaani huku watu wakijaziwa muziki kwenye simu, asiambiwe kwamba si kazi makini kabla ya kusomwa. Mwenzangu mmoja aliambiwa hivyo mwaka jana, akabadilisha mada, na kazi yake mpya imemchosha yeye kabla ya kumchosha msomaji.

Walimu watasema kwamba hakuna vitabu. Kwa upande wa Kiswahili ni kweli, ni vichache, na vitabaki vichache tukiendelea kungoja vitoke kwingine. Wanafunzi wenzangu watasema kwamba Kiswahili chetu si sanifu. Hata Kiingereza cha Stockholm hakikuwa cha London, na kilifika hapa.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Mama mkubwa na karatasi zangu. Sina sauti, kwa hiyo nilimsomea tu, polepole, ubeti kwa ubeti. Kwa Émile alinyamaza. Kwa padri aliitikia kwa kichwa. Nilipofika kwa Antoine alishika mdomo, akanitazama kuona kama kweli nimesoma nilichosoma, kisha akacheka kicheko kirefu ambacho sikuwa nimekisikia kwake tangu tulipomzika Papa.

"Kumbe ule muzungu alikuwa na batani!" alisema.

Kisha akaniambia kwamba ubeti wa mke nimeufanya mwepesi mno, akanieleza namna mwanamume wa kwetu angelisema. Nimeurekebisha. Bado haujaisha, kuna mstari mmoja wa mwisho unaonikataa, na nitafurahi kama kuna msomaji atakayenisaidia.